Louisville, Columbus na Buffalo: Masafa mafupi, safari ndefu



Habari ya msiba huja kwa simu, na mara nyingi huja usiku. Mzee fulani amefariki dunia mjini Buffalo, katika jimbo la New York, na maziko yatafanyika kesho baada ya sala ya adhuhuri. Anayepokea simu yuko Louisville, Kentucky. Nduguye yuko Columbus, Ohio. Marehemu na ndugu zake hao waliwahi kuishi katika kambi moja ya wakimbizi nchini Kenya, mlango kwa mlango, kabla ya kila familia kupangiwa mji wake nchini Marekani. Baada ya pole na dua linabaki swali moja: Buffalo ni umbali gani, na mtu anaweza kufika saa ngapi?

Kisa hiki hakina jina la mtu kwa sababu kimewapata wengi. Columbus ina jamii ya Wasomali inayohesabiwa kuwa ya pili kwa ukubwa nchini Marekani, baada ya ile ya Minnesota. Buffalo imewapokea Wasomali Wabantu waliopitia Dadaab na Kakuma, Wakongo na Warundi, ambao wengi wao walifungua maisha mapya katika mitaa ya magharibi ya mji, mitaa ambayo wenyeji walikuwa wakiihama. Huko Louisville nako Wakongo ni wengi, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha za nyumbani za watoto wa shule za umma. (Wenyeji hulitamka jina la mji wao kama “Luavul”, mgeni anayelisoma kama lilivyoandikwa hutambulika papo hapo.) Kati ya miji hiyo mitatu kuna ndugu, wachumba, wadeni na wadai. Harusi huweza kupangwa miezi sita kabla. Mazishi hayapangwi hivyo.

Msikilizaji mwenye ramani ya Marekani na atwae uzi, aweke ncha moja Louisville na ya pili Buffalo. Uzi huo utapita karibu kabisa juu ya Columbus. Kutoka kiwanja cha ndege cha Louisville hadi cha Columbus, kwa mstari wa angani, ni maili 198 hivi, yaani kilomita 318. Kutoka Columbus hadi Buffalo ni maili 296, au kilomita 477. Na kutoka Louisville hadi Buffalo bila kituo ni maili 494, kilomita 795. Vipande viwili vya kwanza vikijumlishwa vinatoa kile cha tatu, kana kwamba fundi mwashi aliipanga miji hiyo kwa kamba yake.

Masafa hayo hupimwa juu ya mviringo wa dunia, kwa ule mstari uitwao duara kuu, ambao ndio njia fupi kuliko zote baina ya nukta mbili za tufe. Kwa masafa madogo kama haya tofauti kati ya tufe na ramani ya ukutani ni ndogo mno. Kwa safari ya Dar es Salaam hadi New York uzi wa ukutani ungedanganya sana.

Kwa kulinganisha na nyumbani, Columbus na Buffalo zimetengana kupita kidogo Nairobi na Mombasa, ambazo kwa angani ni kilomita 420 na ushei. Louisville na Buffalo hazifikii umbali wa Dar es Salaam na Mwanza, ambao ni kilomita 850 hivi. Abiria wa Mwanza hupanda ndege, akanywa kinywaji chake, na baada ya kama saa moja na nusu akashuka Dar es Salaam bila kukanyaga mji mwingine.

Je, abiria wa Louisville naye angetumia muda gani? Ndege ya jeti ya abiria huruka kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, lakini si tangu inapoondoka langoni. Hutambaa kwanza hadi kwenye njia ya kurukia, hungoja zamu, hupanda polepole, na ikikaribia mwisho hupunguza mwendo ikipangwa foleni ya kutua. Ndiyo maana kanuni ya kawaida ya wakokotoaji ni kugawanya masafa kwa maili 500 kwa saa, kisha kuongeza nusu saa. Kwa kanuni hiyo Louisville hadi Columbus ni dakika 54; Columbus hadi Buffalo ni saa moja na dakika sita; Louisville hadi Buffalo ni saa moja na dakika 29. Anayekwenda Buffalo hupata pia msaada wa pepo za anga za juu, ambazo katika latitudo hizo huvuma aghalabu kutoka magharibi, na anayerudi huzilipia. Saa za mkononi hazihitaji kuguswa, kwani miji yote mitatu hufuata saa za mashariki ya Marekani.

Hesabu hizo ni sahihi, na hazimfai msafiri hata kidogo.

Ratiba za kawaida za mashirika makubwa humchukua abiria wa Louisville anayekwenda Buffalo na kumpeleka kwanza Atlanta, au Charlotte, au Chicago, au Detroit. Huko hushuka, hungoja, na kupanda ndege nyingine. Anayepitia Detroit ana bahati, maana njia yake ina maili 547 tu, kidogo kupita mstari ulionyooka. Anayepitia Atlanta huianza safari yake ya kaskazini kwa kuruka maili 321 kuelekea kusini, kisha hugeuka na kuruka maili 712 nyingine. Jumla ni maili 1,033, zaidi ya maradufu ya masafa halisi. Na mwenye kutoka Louisville kwenda Columbus kwa kupitia Atlanta huruka maili 768 ili asogee maili 198. Chicago nayo ina mchezo wake: hufuata saa za kati, hivyo ndege inayoondoka Louisville saa 12 asubuhi huonekana kwenye tiketi kama iliyofika Chicago dakika 20 tu baadaye. Saa iliyookolewa hapo hurudishwa yote kwenye kipande cha pili.

Abiria akijumlisha saa mbili za kuwahi kiwanjani na kukaguliwa, kipande cha kwanza, kungoja, kipande cha pili, kisha mzigo na usafiri wa kufika mjini, hupata saa sita au saba kutoka mlango hadi mlango. Hiyo ni siku ambayo hakuna kilichochelewa. Kiwanja cha Columbus kimeitwa tangu mwaka 2016 kwa jina la John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia katika obiti. Tarehe 20 Februari 1962 Glenn aliizunguka dunia mara tatu na kurudi katika muda usiofika saa tano. Leo abiria anayeondoka katika kiwanja chenye jina lake huweza kutumia muda kama huo kabla hajaliona ziwa Erie.

Sababu ya hali hii si hila ya mtu mmoja, na haikuanza jana. Columbus yenyewe iliingia katika historia ya usafiri wa anga kama mahali pa kubadilishia chombo. Mwezi Julai 1929 lilipoanzishwa shirika la kuwavusha abiria kutoka New York hadi Los Angeles kwa saa 48, abiria walisafiri usiku kwa treni hadi Columbus, wakapanda ndege mchana hadi Oklahoma, wakarudi kwenye treni usiku wa pili hadi New Mexico, kisha wakamalizia kwa ndege. Kuruka usiku kulihesabiwa kuwa hatari kwa abiria.

Kwa miongo kadhaa baadaye bodi ya serikali ndiyo iliyoamua shirika gani liruke wapi na kwa nauli gani. Tarehe 24 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoondoa udhibiti huo. Mashirika, yakiwa huru, yaligundua hesabu rahisi. Miji kumi ikiunganishwa kila mmoja na mwenzake inahitaji njia 45. Ikiunganishwa yote kupitia mmoja wao inahitaji njia tisa. Ni hesabu ya daladala zote za mji kuishia stendi kuu: anayetoka kitongoji kimoja kwenda kitongoji jirani hulazimika kwenda mjini kwanza. Nauli nyingi zilishuka, na miji midogo ambayo peke yake isingejaza ndege ilipata njia ya kufika kila mahali. Hilo lisikanushwe.

Lakini mtu wa Louisville au Buffalo mwenye umri wa kutosha atakumbuka kwamba vitovu hivyo zamani vilikuwa karibu. Cincinnati kilikuwa kitovu cha Delta, Pittsburgh cha US Airways, na Cleveland cha Continental. Cleveland ndiyo ya kutazamwa zaidi. Njia ya Louisville hadi Buffalo kwa kupitia Cleveland ina maili 496 hivi, mbili tu zaidi ya mstari ulionyooka. Abiria hubadilisha ndege, lakini hazunguki. Kisha vitovu hivyo vilianguka kimoja baada ya kingine. Pittsburgh kiliachwa mwaka 2004. Cincinnati kilianza kupunguzwa mwaka 2005, na zaidi baada ya Delta kuungana na Northwest mwaka 2008. Continental iliungana na United mwaka 2010, na mwaka 2014 United ikakifunga kitovu cha Cleveland. American na US Airways nazo ziliungana mwishoni mwa mwaka 2013. Ndege ndogo za viti 50, ambazo ndizo zilizozifaa njia fupi kama hizi, zilionekana mzigo bei ya mafuta ilipopanda mwaka 2008. Mashirika yaliyobaki yalikusanya abiria katika vitovu vichache, vikubwa, na vya mbali. Masafa kati ya miji mitatu hayakuongezeka hata hatua moja. Kilichohama ni mahali pa kubadilishia ndege.

Wapo waliojaribu kuikwepa stendi kuu. Mwezi Mei 2007 shirika jipya la Skybus lilianza safari zake Columbus likiuza baadhi ya viti vya kila ndege kwa dola kumi. Mwezi Aprili 2008, kabla ya kutimiza mwaka, lilifunga milango, na abiria wake wakaachwa na tiketi zisizo na ndege.

Katika mfumo huohuo Louisville ni ncha kwa watu na kitovu kwa mizigo. Kiwanja chake, ambacho tangu mwaka 2019 kinaitwa kwa jina la mwana wa mji huo, Muhammad Ali, aliyepigana na George Foreman mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, ndicho makao makuu ya safari za ndege za kampuni ya UPS. Usiku ndege zake hushuka kutoka kila pembe, vifurushi hupangwa upya, na kabla ya alfajiri ndege hizo huondoka tena. Wakongo na Wasomali wengi wa mji huo wamepata ajira katika maghala na kazi za kupanga mizigo. Mtu anaweza kushinda usiku kucha akipanga vifurushi vinavyokwenda miji yote ya nchi, naye mwenyewe akakosa ndege ya kumfikisha msibani kwa wakati.

Bei ya mfumo huu haikulipwa kwa saa peke yake. Njia nyingi zinazounganisha vitovu na miji ya kadiri haziendeshwi na mashirika yenye majina makubwa. Huendeshwa na kampuni ndogo zilizokodishwa, ndege zikiwa zimepakwa rangi za mkubwa. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009 ndege ya mapangaboi ya kampuni ya Colgan Air, ikiruka kwa jina la Continental kutoka Newark, ilikuwa imebakiza mwendo mfupi kufika Buffalo. Mwendo wake ulishuka mno. Usukani ulitetemeka kumwonya rubani kuwa ndege inakaribia kuishiwa na nguvu ya kuelea, naye akauvuta nyuma badala ya kuusukuma mbele. Ndege iliangukia nyumba katika kitongoji cha Clarence Center. Watu wote 49 waliokuwamo walikufa, na mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba. Uchunguzi ulifunua mambo ambayo abiria wa kawaida hakuyajua: rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, ili aje kazini Newark, na mishahara ya marubani wa kampuni hizo ndogo ilikuwa duni.

Familia za waliokufa hazikunyamaza. Zilikwenda Washington mara kwa mara, zikiwa na picha za wapendwa wao, hadi tarehe 1 Agosti 2010 ilipotiwa saini sheria mpya. Kwa sheria hiyo muuza tiketi analazimika kumweleza abiria ni kampuni gani hasa itakayomrusha. Kanuni za mapumziko ya marubani ziliandikwa upya. Na kuanzia mwaka 2013 hata rubani msaidizi wa ndege ya abiria lazima awe na cheti cha juu, ambacho kwa kawaida huhitaji saa 1,500 za kuruka, isipokuwa kwa waliotoka jeshini au katika vyuo maalumu.

Mashirika ya ndege ndogo yamelalamika tangu hapo kwamba sharti hilo limefanya marubani wawe haba, na kwamba miji midogo ndiyo inayoumia. Ni kweli kwamba mwezi Machi 2022 kampuni ya SkyWest ilitoa taarifa ya kutaka kuacha kuhudumia miji midogo 29 kwa kukosa marubani. Familia za Buffalo hujibu kwamba uhaba huo una mzizi katika ujira na katika wingi wa waliostaafu. Hoja za mashirika si za kupuuzwa, lakini ni vigumu kumtazama mtu wa Clarence Center usoni na kumwambia kwamba safari ya moja kwa moja ina thamani kuliko saa hizo za mafunzo. Sheria mpya ya usafiri wa anga iliyotiwa saini mwezi Mei 2024 ililiacha sharti hilo kama lilivyo.

Reli ingekuwa jawabu la tatu, kama ingalikuwapo. Columbus haijapata treni ya abiria wa masafa tangu mwaka 1979. Louisville ilikuwa nayo kwa miaka michache, ikakatwa mwaka 2003. Buffalo peke yake ndiyo yenye treni, na treni zake hazielekei Louisville. Kwa aliyezoea kusikia habari za reli ya kisasa kati ya Nairobi na Mombasa, au kati ya Dar es Salaam na Dodoma, ni ajabu kidogo kwamba katika nchi tajiri kama hii miji miwili mikubwa haina hata treni ya polepole ya kuiunganisha.

Basi hubaki barabara. Barabara kuu namba 71 huanzia Louisville, hupita Cincinnati na Columbus, na kuishia Cleveland. Hapo namba 90 huichukua safari kandokando ya ziwa Erie hadi Buffalo. Ni maili 540 hivi, mwendo wa saa nane na nusu kwa dereva asiyekimbia. Gari linalokwenda maili 25 kwa galoni moja litatumia galoni 22 au karibu yake, na gharama hiyo ni ileile akiwa ndani mtu mmoja au watano. Tiketi za ndege huhesabiwa kichwa kwa kichwa, na zikikatwa usiku wa kuamkia safari huwa ghali. Aidha, tangu tarehe 7 Mei 2025 ukaguzi wa viwanjani hudai kitambulisho kinachokidhi masharti mapya ya serikali kuu, au hati nyingine inayokubaliwa kama pasipoti au kadi ya ukaazi wa kudumu. Leseni ya zamani ya udereva peke yake haitoshi tena.

Barabara nayo ina hatari yake, na hatari hiyo ina msimu. Upepo baridi ukivuka ziwa Erie hubeba unyevu na kuumwaga Buffalo kama theluji, wakati mwingine kwa kimo cha mtu. Katika dhoruba ya Desemba 2022 kiwanja cha ndege cha Buffalo kilifungwa kwa siku kadhaa, barabara zikapigwa marufuku, na watu zaidi ya 40 walikufa katika eneo hilo, wengine ndani ya magari yao. Katika siku kama hizo hakuna jibu la swali la umbali. Walio Louisville hufuatilia maziko kwenye simu.

Lakini simu ya kisa hiki imelia usiku wa kiangazi. Aliye Louisville anatazama ratiba: ndege ya kwanza ni saa 12 asubuhi, hivyo afike kiwanjani saa 10 na nusu alfajiri, abadilishe ndege kusini, na akijaliwa ashuke Buffalo kama saa 5 asubuhi. Ikichelewa saa mbili, kaburi litakuwa limefukiwa. Nduguye wa Columbus atahitaji tiketi yake mwenyewe, pengine kwa kupitia mji mwingine kabisa. Saa 4 usiku watu watatu wanaingia garini Louisville na kushika namba 71. Saa 7 na nusu wanagonga mlango Columbus, wanakunywa chai ya haraka, mmoja anabadilishana usukani. Saa 8 usiku gari linaondoka likiwa na watu watano, na Buffalo imebaki mwendo wa saa tano na ushei.